Mlango Tunaujua, Nyumba Je?

Kuna kichochoro Mkomani, pale Lamu, ambapo ukiinua macho unaona chumba kizima kimepita juu ya kichwa chako. Kimeshika nyumba ya mkono wa kulia na nyumba ya mkono wa kushoto. Wenyewe wanakiita wikio. Wageni hupenda kupiga picha hapo kwa sababu ya kivuli, na punda akitokea na mzigo wake wa mawe, basi picha imekamilika. Hata mimi nilipiga. Sikujua siku ile kwamba ndani ya kile chumba, upande mmoja, kuna ukuta mpya ulioziba njia.

Nilikuja kuujua ukuta huo kwa bahati tu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa nyumba ya kushoto, nautazama kwa simu kuliko ninavyoutazama kwa macho, mara mwenye nyumba akaufungua. Mama wa makamo ya bibi yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa Kiamu chake, "Wapiga picha mlango, mwanangu? Mlango ni wa watu wa nde. Nyumba i ndani." Kisha akanikaribisha.

Nyumba zile mbili zilikuwa za dada wawili. Baba yao alimpa kila mmoja yake, na wikio likawa njia baina yao. Dada mkubwa akipika mkate wa mofa, sahani inavuka juu kwa juu, bila buibui, bila kushuka mtaani, bila mtu wa kichochoroni kujua nani amekula kwa nani. Dada alipofariki, warithi walikuwa saba, na saba hawagawani nyumba moja wakabaki na nyumba. Iliuzwa. Sasa ni nyumba ya wageni, nzuri kweli, chokaa yake inang'aa. Mnunuzi aliziba wikio. "Hakufanya uovu," mama akaniambia. "Kwake yeye, mimi ni mtu wa kupita chumbani mwake."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma maandishi yetu juu ya nyumba za Lamu kwa jicho jingine. Nadhani tuna tatizo. Tunaziandika nyumba hizi kutoka barabarani. Tunausifu mlango, tunasifu nakshi, tunasifu utulivu, halafu tunadhani tumeshaisifu nyumba. Na kwa kuwa tunachosifu ni kile kinachoonekana kutoka nje, tukiulizwa kinachopaswa kulindwa tunakuwa na jibu moja tu: ukuta.

Lamu iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ikitajwa kuwa mji wa Waswahili mkongwe kuliko yote na uliohifadhika vizuri kuliko yote katika Afrika Mashariki. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni na jinsi tulivyoipokea. Tangu hapo, ukisoma makala ya safari, iwe ya gazeti la Nairobi au ya jarida la ng'ambo, utakutana na sentensi ileile: Lamu wakati umesimama. Hebu muulize huyo mama kama kwake wakati umesimama. Amezika dada, ameona nyumba ikiuzwa, ameona njia ya kwenda kwa dada yake ikigeuka ukuta. Wakati umekimbia. Kilichosimama ni mawe.

Basi tuingie ndani, maana ndani ndiko nyumba inakoanza kusema.

Nyumba ya zamani ya mawe ya Lamu, ile ya karne ya 18, kwa nje ni ukuta mtupu. Pana daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo ndipo baba mwenye nyumba alipowapokea watu wa salamu na wa biashara ndogondogo. Wengi hawakuvuka hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, na njia inapinda. Inapinda kwa makusudi, ili mlango ukiachwa wazi jicho la mpita njia ligonge ukuta lirudi. Halafu kiwanda, uwanja usio na paa, ndio taa na feni ya nyumba nzima. Pembeni ya kiwanda mara nyingi kulikuwa na sabule, chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi angeweza kukaa humo miezi, akisubiri kusi imrudishe kwao, na asiwahi kuuona uso wa mwanamke wa nyumba hiyo.

Kutoka kiwandani nyumba inaendelea kwa safu. Msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Kila safu iko juu ya iliyotangulia kwa hatua ndogo, na kila safu ina giza kidogo kuliko iliyopita. Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu, upana wake haufiki hata mita 3. Mtu wa leo huona ni ufinyu. Lakini dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo ikabeba uzito wa mawe na chokaa. Mti ndio uliokata kipimo cha chumba. Fundi akafuata.

Ukifika ndani kabisa unakuta zidaka, ukuta mzima wa vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, vilivyokuwa vikipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina na kwingineko. Nyuma yake kuna chumba kidogo cha mwisho, nyumba kati. Humo watoto walizaliwa, na humo maiti walioshwa. Usisahau choo na birika lake la maji, na wale samaki wadogo waliowekwa ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu.

Sasa angalia mpangilio huo. Nyumba inazidi kupambwa kadiri watu wanaoruhusiwa kufika wanavyopungua. Mtaani, ukuta mtupu. Dakani, nakshi kiasi. Ndani kabisa, kule ambako ni mume, watoto na mashoga wa mwenye nyumba tu wanaofika, ndiko fundi alikomaliza ufundi wake wote. Sijui majengo mengi yanayofanya hivyo. Jumba la tajiri wa Nairobi linaweka nguzo zake mbele, uzione ukiwa geti. Nyumba ya Lamu inaweka fahari yake mahali ambapo karibu kila mtu atakufa bila kuiona. Ndiyo maana kamera na nyumba hii hazielewani. Kamera inataka kuonyesha. Nyumba ilijengwa isionyeshe.

Na nyumba yenyewe ilikuwa ya nani? Katika koo za waungwana, binti akiolewa alipewa nyumba na baba yake, au ghorofa juu ya ile ya wazazi, au nyumba ya kando iliyounganishwa kwa wikio. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo ukoo ulikua kama mti, ghorofa juu ya ghorofa, ng'ambo ya kichochoro, na ramani ya mtaa ikawa ni ramani ya akina mama na mabinti. Usam Ghaidan alipochapisha kitabu chake kuhusu mji wa Lamu mwaka 1975, michoro yake ya vyumba iliwafundisha wasanifu kuziheshimu nyumba hizi. Ila mchoro wa vyumba hauwezi kukuambia kwamba chumba hiki kipo kwa sababu Bi Fulani alikuwa na binti wa pili. Hilo unaambiwa ukikaribishwa.

Hapa ndipo ninapotaka kulileta shairi, maana halikosekani kila Lamu na Pate zinapotajwa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, imekuwa kama wimbo wa taifa wa wapenda magofu. Mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya wakubwa wa Pate yaliyoanguka: vishubaka vya sahani vimekuwa viota vya ndege, na kumbi zilizokuwa na watu sasa zina sauti za wadudu. Tunalitaja kwa huzuni tamu. Nimewahi kusikia beti zake zikisomwa katika hafla ya kuchangia ukarabati, watu wakapiga makofi, kisha wakanywa juisi ya ukwaju.

Mimi naona tunalisoma kinyume. Mshairi hataji taa na kauri ili tuzililie. Anazitaja ili tuone jinsi zilivyoshindwa kumwokoa yeyote. Anauambia moyo: uzuri huu wote ulikuwepo, na bado. Si ombi la chokaa mpya. Akisikia kwamba tumejibu shairi lake kwa kukarabati zidaka, sijui angecheka au angelia.

Tena kuna jambo moja ambalo mshairi huyo hakuwa na sababu ya kuliwazia. Katika shairi lake, dalili ya gofu ni uchafu. Ndege, popo, buibui, kuta zinazobomoka. Nyumba ikiwa safi na taa zinawaka, ina maana watu wapo. Leo hesabu hiyo imevunjika. Zipo nyumba Mkomani na Shela ambazo zidaka zake hazijawahi kuwa nyeupe hivi tangu zijengwe, umeme upo, maua yamewekwa, na kwa sehemu kubwa ya mwaka analala humo mlinzi peke yake. Gofu limepakwa chokaa. Hatuna bado shairi la gofu la namna hiyo, na pengine ndiyo sababu hatulitambui tukiliona.

Lakini nisije nikaonekana ninalilia zamani. Zamani ya nyumba hizi ina deni, na wanaozisifu hulikwepa. Nani alibeba mawe ya matumbawe kutoka baharini? Nani alichoma chokaa, nani alikata mikoko akiwa kiunoni ndani ya tope? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya hadi mwaka 1907. Nyumba ile iliyojua kumficha bibi mwenye nyumba ilijua pia kumpanga mtumwa: ghorofa ya chini pamoja na mizigo, mbali na ndani, mbali na zidaka. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid alilichunguza jambo hilo miaka ya 1980, akaonyesha jinsi vyumba vyenyewe vilivyokuwa chombo cha kuweka kila mtu mahali pake. Nyumba ya mawe ilikuwa tamko: sisi ni waungwana, nyie siyo.

Ndiyo maana inanikera kuona "Lamu" ikifanywa kuwa Mkomani peke yake. Shuka kusini, Langoni, ambako kwa muda mrefu nyumba zilikuwa za udongo na makuti. Wapiga picha hawakai sana huko. Ila mwishoni mwa karne ya 19 Habib Saleh, sharifu wa asili ya Ngazija, alipoanza kufundisha watu ambao waungwana hawakuona haja ya kuwafundisha, alikuwa upande huo wa mji. Msikiti wa Riyadha uko Langoni. Na Maulidi yanapofika, mji mzima, Mkomani na majumba yake, unateremka kuelekea huko. Moyo wa mji uko mahali ambapo kadi ya posta haijafika. Mhakiki wa majengo asipoliona hilo, anahakiki mawe tu.

Na kuna deni la pili, lisilozungumzwa na watu wa heshima. Yule mama ana mjukuu, msichana anayesoma chuo Mombasa. Alikuwa nyumbani likizo siku ile, akaketi nasi, akamsikiliza bibi yake akisifia wikio, kisha akasema, "Lakini bibi, si nyumba hii haina hata dirisha la barabarani? Mimi nataka kuona watu." Bibi akacheka. Mimi sikucheka, maana msichana alikuwa amesema kitu kikubwa. Faragha ile tunayoisifu ilikuwa pia kufuli. Anayeandika juu ya uzuri wa safu za misana na asiseme hilo, anaandika tangazo.

Basi kama zamani ilikuwa na utumwa na kufuli, tunalinda nini? Swali hilo ndilo linalonifanya nisitosheke na uhakiki wa milango. Kwa sababu wanaouza wana hoja, na wanaonunua wana hoja.

Anayeuza hauzi kwa tamaa, au si siku zote. Nyumba ya mawe ni mgonjwa wa kudumu. Chokaa inataka kupakwa tena, mvua ikipenya darini boriti inaoza, na boriti ikioza ghorofa zima linayumba. Kanuni za uhifadhi zinataka vifaa vya asili, chokaa na mikoko, na nia ni njema. Lakini mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti nchini, mikoko nayo iliguswa. Ukawa unaambiwa utumie boriti kwa mkono mmoja na kunyang'anywa boriti kwa mkono wa pili. Mwenye mshahara wa mwalimu, au mwenye jahazi moja, ana uchaguzi gani? Anatazama dari, anatazama karo za watoto, anatazama warithi wenzake saba, kila mmoja na fungu lake la haki kwa sheria ya mirathi. Mnunuzi akija na pesa taslimu, huyo ni mkombozi.

Na mnunuzi, mwacheni naye aseme. Zipo nyumba ambazo leo zingekuwa kifusi kama mgeni hangezinunua. Mafundi wa Lamu wamepata kazi humo, na ufundi wa kuchonga chokaa umeendelea kurithiwa kwa sababu kuna anayeulipia. Mtu akiniambia wageni wameiharibu Lamu, namuuliza: ni yupi kati yetu aliyejitolea kununua boriti?

Kwa hiyo shutuma yangu haiendi kwa muuzaji wala kwa mnunuzi. Inakuja kwetu sisi tunaoandika. Tumeifundisha nchi kwamba nyumba ya Lamu ni mlango, zidaka na kivuli. Mnunuzi ametusikiliza. Amenunua mlango, zidaka na kivuli, akavitunza vizuri kabisa, na akaziba wikio kwa sababu hakuna mahali tulipomwambia kwamba wikio ndilo nyumba yenyewe. Mkaguzi akipita atatia alama ya vema: ukuta wa nje haujaguswa, nakshi ipo, paa ni sahihi. Kwenye makaratasi nyumba imehifadhiwa. Lakini ile kazi ambayo nyumba ilikuwa ikiifanya, kuwashika dada wawili juu ya kichochoro, imekoma, na hakuna fomu yenye sehemu ya kuandika hilo.

Ningependa kusoma makala moja kuhusu Mkomani inayoanza na swali la nani analala humu usiku huu. Inayouliza mapato ya sifa ya mji yanaweza vipi kurudi kwenye dari ya mwalimu kabla hajalazimika kuuza. Inayouliza warithi saba wangehitaji nini ili mmoja wao awanunulie wenzake na kubaki. Haya si maswali ya wanauchumi peke yao. Ni maswali ya uhakiki, kwa sababu huwezi kusema jengo ni zuri au limefaulu kama hujui linafanya kazi gani. Tukihakiki riwaya tunauliza wahusika wanafanya nini, hatuishii kwenye jalada. Kwa nini nyumba tunaihakiki kwa jalada lake?

Na pengine, tukiandika hivyo, hata deni la zamani litapata nafasi. Nyumba inayosomwa kutoka ndani haiwezi kumficha aliyelala ghorofa ya chini. Haiwezi kumficha msichana anayetaka dirisha. Yule mjukuu hasemi nyumba iuzwe. Nilimuuliza. Alisema angerudi kuishi humo kama angeruhusiwa kuibadilisha kidogo, atoboe dirisha moja tu juu, upande wa kichochoro. Nikamwuliza kama amewahi kuomba kibali. Akasema aliyemjibu alimwambia sura ya ukuta wa nje haibadilishwi. Nikafikiria ule ukuta mpya ndani ya wikio, ambao hauonekani kutoka barabarani na kwa hiyo haukumsumbua mtu.

Kabla sijaondoka, mama alinipandisha kunionyesha. Nusu ya wikio iliyobaki upande wake amefanya stoo: gunia la mchele, kapu la nazi, feni iliyoharibika, na sanduku la mbao ambalo sikuuliza ni la nini. Katika kishubaka kimoja cha ukutani, mahali palipowahi kuwa na sahani, kulikuwa na chaja ya simu. Upande wa pili wa ukuta wageni walikuwa wakizungumza Kiingereza na kucheka, sauti zikija kwa mbali kama redio ya jirani.

"Wawasikia?" mama akaniuliza.

Nikasema nawasikia.

"Wazuri. Hawana makelele," akasema, kisha akasogeza gunia la mchele kidogo kutoka ukutani, lisishike unyevu.